Machicha

Nazi huanza kwa mbuzi, huishia kwa mbuzi.
Ile ya kwanza ni kiti chenye ulimi wa chuma;
wa pili ni Shaba wangu, mwenye ndevu na dharau.
Baina yao kuna kifumbu, na mikono ya wanawake wa Mlaleo
ambao jioni huniachia ndoo mlangoni.

Ndoo tano. Huzimimina pamoja, nikachanganya na pumba,
chumvi kidogo, matawi ya lusina ya nyuma ya msikiti,
nikidhani machicha ni machicha:
jina moja, weupe mmoja, harufu ile ile ya Ijumaa.
Pumba nazo nilidhani ni pumba,
mpaka nilipotia konzi moja katika bilauri ya maji
mchanga ukatua, makapi yakaelea,
na katikati, penye kuliwa, hapakuwa na kitu.
(Muuzaji aliapa. Gunia, alisema, ni lile lile.
Kweli. Gunia lilikuwa lile lile.)

Mwezi wa Rajabu, Famau alinirudishia chupa.
Alidondosha tone juu ya ukucha wa gumba,
likateleza kama limeitwa.
"Bi Tima," akaniuliza, "haya maziwa yameoga?"
Sikumjibu. Nilishikwa na aibu ya mtu asiyeiba.

Jioni ile nilikaa na kurunzi na ndoo zangu
nikaminya moja moja.
Ya kwa Thureya: mafuta yalinibaki vidoleni hadi Isha.
Kwao nazi hukamuliwa mara moja
kisha hutupwa, kama wenye mashamba.
Ya kwa Maalim Badi: tui la kwanza, tui la pili, basi.
Ya kwa Mishi ilikuwa kavu, nyepesi, unga wa msumeno.
Nikanusa. Hata harufu ilikuwa imekamuliwa,
mara tatu, mara nne, kwa maji ya moto.
Ndipo nilipojua kwamba Nyanje, mumewe,
haendi tena Kilindini;
kwamba kule kutoka kwake alfajiri na shati la kazi
ni kutoka tu.

Kumbe Shaba alikuwa akiusoma mtaa mzima
kwa tumbo lake la vyumba vinne!
Tarehe mbili, maziwa mazito.
Tarehe ishirini, maji yaliyopakwa chokaa.
Na mimi nilikuwa nikimlaumu yeye.

Nikataka kuzitenga ndoo. Akili ya biashara:
ya Thureya kwa Shaba anayenyonyesha,
ya Mishi kwa beberu, ambaye hata kadibodi hula.
Konzi ingali mkononi, naimulika,
Mishi akaja kuchukua ndoo yake.
Aliviona vidole vyangu.
Alisema masalkheri, akatazama pengine.

Kesho yake ndoo ilikuja mapema,
imefunikwa kawa, kama chakula cha mgeni.
Niliminya. Kasimele ikanitiririka hadi kiwikoni.
Hakuyakamua. Aliyapitisha kifumbuni kwa haya tu,
na najua wali wa kwake usiku ule
uliiva kwa maji ya mfereji.
Kesho kutwa vile vile.
Na mtondo.

Shaba alikula, akalala, akacheua
polepole, kama mtu anayeisoma barua mara ya pili.
Asubuhi ya nne alinipa nusu lita zaidi.
Nililitia tone ukuchani: likasimama.

Famau alinisifu. Akauliza nimebadilisha chakula gani.
Nikamwambia ni kile kile.

Nusu lita ile sikumuuzia.
Iko rafuni, chini ya kawa ya Mishi.
Tangu asubuhi mimi na dirisha lake tunatazamana,
natafuta neno la kutangulia nalo
lisilo na kurunzi ndani yake.